Pua ya Arfajah na nyonga ya muadhini wetu

Tuliahidi kwamba juma hili tutaendelea na fungu la mama katika mirathi. Tunawaomba radhi wasomaji waliokuwa wakilingojea. Kuna suala limetufikia mlangoni, nalo halikubali kuwekwa.

Jumatatu baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa hapa Kilosa alitufuata katika chumba cha kamati, kwapani amebana bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya nyonga za mwanawe. Kijana huyo ana miaka 23 na waumini wote wanamfahamu, kwani ndiye aliyekuwa akituamsha kwa adhana ya Alfajiri mpaka mguu wake wa kulia ulipoanza kumkatalia. Ana ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Madaktari wa Dar es Salaam wameeleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja lake kimekufa, na kwamba njia iliyobaki ni kukikata na kumwekea nyonga ya bandia. Mzee akaiinua ile picha dirishani ili mwanga uipitie. Hata sisi tusiojua kusoma picha za namna hiyo tuliona: upande mmoja kichwa cha mfupa ni mviringo kama ndimu, na upande wa pili kimebonyea kama ndimu iliyokwisha kukamuliwa.

Hakuja kuomba mchango, ingawa mchango utahitajika. Alikuja na maswali matatu. Je, mtu mwenye chuma ndani ya mwili josho lake la janaba hutimia? Je, akifa huzikwa nacho au hutolewa? La tatu alilisema kwa sauti ya chini, huku akiitazama ile picha: je, kukiondoa kiungo alichokiumba Mwenyezi Mungu na kuweka kilichotoka kiwandani si kumkosoa Muumba?

Maswali mawili ya kwanza yana majibu mafupi, nasi tutayatoa mahali pake. La tatu ndilo lililotukalisha.

Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai habari ya swahaba Arfajah bin As'ad (r.a.), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamnukia. Alipolifikisha jambo hilo kwa Mtume (s.a.w.), akaamriwa aweke pua ya dhahabu. Msomaji anajua kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume wa umma huu, hata pete. Pamoja na hayo, Mtume hakumwambia Arfajah asubiri bila pua, wala hakumwambia kwamba kiungo kilichokatwa kimekwisha kuandikwa. Alimpa kilicho bora kuliko alichokuwa nacho.

Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa hadithi hii katika mlango wa dharura. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitufafanulia hukumu ya dhahabu kwa muda wa juma zima, lakini hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza kwa nini fedha ilinuka na dhahabu haikunuka. Tunaona haya kidogo tukilikumbuka hilo. Fedha hushikana upesi na salfa, na ndiyo maana pete ya fedha husawijika kidoleni na sinia la fedha huwa jeusi kabatini. Ndani ya pua mna unyevu, ute na vijidudu, mambo ambayo madini mengi hayayavumilii. Dhahabu haina shughuli na hewa wala na majimaji ya mwili. Hukaa nayo miaka mingi ikabaki ilivyo. Hiyo ni kemia, na kijana yeyote wa sekondari hapa Kilosa anaweza kuithibitisha. Sisi tuliisoma hukumu tukaiacha sababu.

Tangu siku za Arfajah hadi leo, kazi ya wanaotengeneza viungo vya bandia imekuwa ni hiyo hiyo: kutafuta kitu kisichogombana na mwili. Mwaka 1952, huko Lund nchini Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alikuwa amepachika mfupani kidude cha madini ya titani, na uchunguzi ulipokwisha akataka kukitoa ili akitumie tena. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umejijenga ukakikumbatia chuma chenyewe. Siri yake ni kwamba titani ikipata hewa hujivika mara moja utando mwembamba mno wa oksidi, na seli za mfupa zinapoufikia utando huo hazioni adui. Madini hayo leo ndiyo yanayotumiwa katika meno ya kupandikizwa na katika mashina mengi ya nyonga za bandia.

Nyonga ina tabu yake zaidi, kwa kuwa haikai kimya, husugua. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, ndiye aliyeipatia ufumbuzi, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwanzoni alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, ile plastiki telezi inayopakwa kwenye vikaango. Wagonjwa wakainuka, wakatembea, wakafurahi. Baada ya muda usiozidi miaka michache maumivu yakarudi. Alipowafungua tena alikuta plastiki imelika, na vumbi lake limeamsha ghadhabu ya mwili pande zote. Charnley hakuwatupia wagonjwa lawama. Alijitia chembechembe za Teflon katika paja lake mwenyewe, pamoja na chembechembe za plastiki nyingine ya jamii ya polithini, akangoja aone. Mahali pa Teflon paliota vinundu. Mahali pa polithini palitulia. Kuanzia mwaka 1962 akawa anatumia kikombe cha polithini ngumu, na nyonga nyingi zinazowekwa duniani hivi leo ni wajukuu wa kazi ile.

Tumelirefusha jambo hili kwa sababu linamhusu muadhini wetu. Ndani ya mwili mna seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zikikutana na vumbi la plastiki huzimeza zile chembe lakini haziwezi kuziyeyusha. Basi huita wenzake, na katika vurugu hiyo mfupa ulio jirani huanza kuliwa, hata nyonga ya bandia ikalegea. Plastiki za siku hizi hupigwa mionzi ili nyuzi zake zishikane na zisilike upesi, na maendeleo ni makubwa. Hata hivyo mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 23 hawatembei sawa, wala hawana miaka sawa mbele yao. Ndiyo maana madaktari husita kumwekea kijana nyonga ya bandia, na humwambia mapema kwamba huenda akahitaji kufunguliwa tena baadaye. Mgonjwa wa selimundu ana na hatari zaidi ya maambukizi. Yote haya tulimweleza mzee waziwazi, maana mtu ana haki ya kuyajua kabla hajatia saini. Upasuaji wa namna hii hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI.

Ama kuhusu josho, maji yanatakiwa yafike juu ya ngozi yote, na kilichofungiwa ndani ya nyama hakimo katika hesabu. Josho lake ni timamu, udhu wake ni timamu. Ama kuhusu maziko, kiungo hicho hakitolewi, kukifuata ndani ni kumvunja maiti mfupa, na Mtume (s.a.w.) amelifananisha hilo na kumvunja mtu aliye hai. Huzikwa nacho. Kama kuna mwanachuoni mwenye la kuongeza, ukurasa huu uko wazi kwake.

Mzee alishukuru, akaikunja bahasha yake. Alipofika mlangoni akageuka akatuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: “Lakini Ustadhi, mfupa unakufaje na mtu mwenyewe yu hai?”

Mfupa ni kitu hai. Una seli zake, na seli hizo hulishwa kwa damu kama nyama nyingine. Kichwa cha paja kina mishipa membamba na michache, tena haina njia za pembeni. Ikizibwa, seli hufa, na mfupa uliokufa haujikarabati. Huhimili uzito siku mbili tatu za dunia kisha hubonyea. Kwa mgonjwa wa selimundu kinachoziba ni damu yake mwenyewe.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya ni laini kama mfuko wenye maji. Hujipinda ikapita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, na huishi siku zipatazo 120. Imejaa himoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni. Katika selimundu, protini hiyo ina kosa moja tu: mahali pa sita katika mnyororo wake mmoja, asidi ya glutamiki imeachia nafasi yake asidi nyingine iitwayo valini. Kosa hilo lilipatikana na Vernon Ingram kule Cambridge katika miaka ya 1950, baada ya Linus Pauling na wenzake kuonesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni ya namna nyingine. Kwa kosa hilo dogo, himoglobini inapoitua oksijeni hushikana nyuzi kwa nyuzi ndani ya chembe, na chembe ikajikunja mfano wa mundu. Haipiti tena. Hukwama, hukwamisha nyingine, na hufa upesi, baada ya siku 10 hadi 20. Maumivu yanayomliza mtoto usiku ni viungo vinavyolilia hewa.

Waandishi wa tiba huanza historia ya maradhi haya mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoandika habari za kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Bila shaka mama zetu waliyajua kabla yake kwa majina mengine. Ila kuna sehemu ya historia hiyo iliyo yetu kabisa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alisafiri nchi ile akikusanya damu za watu. Akaona ajabu: pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, wenye chembechembe za kurithi za selimundu walikuwa wengi, milimani walikuwa wachache mno. Akajiuliza ni nini kilichoko pwani na ziwani kisichokuwako milimani. Mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: aliyerithi upande mmoja tu, kwa mzazi mmoja, haugui selimundu, na tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi pande mbili ndiye mgonjwa.

Mkazi wa Kilosa asome hapo mara mbili. Tunaishi katika bonde la Mkondoa, mto unaotufurikia hata ukatuhamisha, na mbu ni jirani zetu wa miaka mingi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta watu kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao kutoka sehemu zenye malaria kama sisi. Hatuna haja ya kuona aibu kwa damu hii. Iliwakinga babu zetu. Bei yake hulipwa pale wabebaji wawili wanapooana, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani: hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka wakiwa na selimundu.

Dawa ipo. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona kwamba vichanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, akahisi kwamba himoglobini waliyotoka nayo tumboni ndiyo inayowalinda. Inapopungua, kwenye mwezi wa sita au zaidi, ndipo mikono na miguu huvimba, nasi husema mtoto amepigwa jicho. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, iliyotengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, wakati hakuna aliyejua ingefaa kwa nini. Dawa hiyo huuamsha mwili uitengeneze tena ile himoglobini ya utotoni. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 1998, na kwa muda mrefu watu waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakidhani itawazidishia malaria na maambukizi. Utafiti uliofanyika Kilifi kwenye pwani yetu, pamoja na Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606, ulitangaza matokeo mwishoni mwa mwaka 2018: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Dodoma nako, ambako kwa treni mpya si mbali tena na sisi, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekwisha kuanza kuwapandikiza watoto uboho kutoka kwa ndugu zao. Tunatahadharisha tu kwamba haidroksiyurea si ya kununuliwa dukani kwa kukisia. Hupunguza na chembe nyingine za damu, na mwenye kuitumia hupimwa mara kwa mara.

Kama jambo lingeishia katika dawa tusingelipa ukurasa mzima. Juma lililotangulia tulikuwa Mikumi kwa darsa la akina mama. Tulipitia Ulaya, na kila tukipita kijiji kile husikia abiria akitania kwamba amefika Ulaya bila pasipoti. Darsa lilihusu haki za wanandoa. Tulipofungua mlango wa maswali, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mama ambaye hatukumwona uso. Alisema alizika watoto wawili kwa selimundu. Mumewe na mawifi walimwambia ana tumbo baya. Aliachwa. Mwanamume akaoa mke mwingine, naye akazaa watoto watatu wazima, na watu wote wakasema: mmeona?

“Mlipotuozesha,” akasema, “mliuliza mahari ni kiasi gani. Mliuliza walii ni nani, na mashahidi. Mliniuliza mimi kama nimeridhia. Kwa nini hakuna aliyeuliza damu zetu?”

Hatukuwa na jibu, na hatukujifanya kuwa nalo. Tulimweleza lile tuliloweza, na tunalieleza hapa kwa ajili ya mawifi wote wa Mikumi na Kilosa. Mtoto haugui selimundu kwa mama peke yake. Lazima apokee upande mmoja kwa mama na upande mmoja kwa baba. Kwa hiyo mwanamume yule ni mbebaji, kama alivyo mkewe wa kwanza. Mke wa pili huenda hana urithi huo, na kwa sababu hiyo watoto wake hawawezi kuwa wagonjwa, japo baadhi yao huenda wameibeba damu ya baba yao bila kujua. Kile ambacho mji mzima ulikitaja kuwa ushahidi dhidi yake hakikuwa ushahidi. Na kuna kosa jingine la hesabu linalotembea mitaani. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Kila mimba. Si kwamba wa kwanza akiugua watatu wanaofuata wamesalimika; hesabu huanza upya kila mara, na wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo, na wapo waliopata wazima wote.

Tuliporudi Kilosa tulilifungua daftari la ndoa. Iko ndoa ya mwaka 2019, kwa mwandiko wetu wenyewe, safi kabisa: majina, mahari, saini nne, muhuri. Mtoto wa ndoa ile sasa anakwenda kliniki ya selimundu. Hatusemi kwamba ndoa ile isingefungwa. Tunasema kwamba hatukuuliza, na kwamba wale vijana wawili waliingia bila kujua jambo ambalo kipimo cha damu cha siku moja kingewaambia.

Tukalipeleka jambo kwenye kikao cha kamati, na halikupita kirahisi. Mmoja alisema maradhi ni kadari, na kupima ni kutafuta kuikimbia. Alijibiwa kwa habari ya Sayyidna Umar (r.a.), alipoambiwa kwamba Sham mna tauni akarejea na watu wake, na Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake. Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mzee wetu mmoja ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni. Alisema: mtapima, mtagundua binti wa fulani ni mbebaji, na kabla ya Ijumaa mji mzima utajua. Nani atamposa? Mvulana atakuwa mbebaji kama yeye, lakini hakuna atakayemkumbuka.

Alisema kweli, na tulimshukuru. Mbebaji ni mtu mzima wa afya. Akioana na asiye mbebaji hawana hofu ya mtoto mgonjwa. Kumkataa binti kwa sababu hiyo ni dhulma, na karatasi ya maabara isije ikawa fimbo mpya ya kuwapigia wanawake. Ndipo tulipokubaliana hivi. Wachumba wote wawili, si mmoja, watashauriwa kupima aina ya himoglobini kabla ya mahari kupokelewa, maana baada ya hapo fahari na gharama huwafunga watu midomo. Majibu yatakuwa mikononi mwao wenyewe. Kamati haitayasoma, katibu hatayaandika daftarini, wala hakuna nikahi itakayokataliwa. Saudi Arabia, ambayo huko mashariki kwake, Qatif na Al-Ahsa, ina selimundu nyingi, imelazimisha kipimo hiki kwa wachumba tangu mwaka 2004, na Bahrain vivyo hivyo. Uamuzi wa kuoana Wasaudi wameuacha kwa wachumba wenyewe. Sisi hatuna mamlaka ya kulazimisha, na tumeona ni vema. Tutauliza swali moja tu siku ya posa: je, mmepima nyote wawili, na mmezungumza? Wakisema ndiyo, tunaendelea. Wakisema hapana, tunawaelekeza hospitali na tarehe inabaki ileile.

Aliyeleta hoja ya kadari hakuridhika, na jina lake limeandikwa katika muhtasari kuwa hakuunga mkono. Hiyo ni haki yake.

Muadhini wetu ataondoka kwa treni wiki ijayo, in shaa Allah. Baba yake amerudi na swali la nne. Daktari amemwambia kwamba baada ya upasuaji mwanawe asikae chini, asikunje mguu kupita kiasi wala kupishanisha miguu, kwa kuwa nyonga mpya yaweza kuchomoka. Je, kusujudu? Tulimjibu kwamba atasali ameketi kitini na kusujudu kwa ishara, kwa muda wote ambao daktari atausema, na thawabu zake hazipungui. Kiti chenyewe tumekwisha kukitengenezesha kwa fundi wa pale sokoni, cha mninga, kimezidi kidogo urefu wa kawaida ili goti lisipande juu ya nyonga. Tumekiweka mwisho wa safu ya kwanza, upande wa kipaza sauti.